Kubadilisha Zamu ya Chakula cha Jioni Katika Safari ya Familia kwa Meli ya Kitalii

Katika meli nyingi za kitalii zinazobeba familia, chakula cha jioni katika ukumbi mkuu huliwa kwa zamu mbili. Zamu ya kwanza huanza kati ya saa 11:30 na saa 12 jioni, na ya pili huanza kati ya saa 2 na saa 2:30 usiku. Abiria hupangiwa zamu na meza kabla ya kuondoka bandarini, na mpango huo hudumu hadi mwisho wa safari, iwe ya siku tatu au ya wiki mbili. Wazazi wengi huona uzito wa jambo hili wakiwa wamekwisha kuchelewa, usiku wa kwanza, pale mtoto wa miaka minne anapolala mezani kabla supu haijafika, au pale bibi mwenye kisukari anapoambiwa kwamba milango itafunguliwa saa mbili na robo na si kabla ya hapo. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu familia yangu ilipitia hali hiyo, na kwa sababu zamu hubadilishwa kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani, mradi mwombaji ajue amwombe nani, lini, na aombe kitu gani hasa.

Zamu zimepangwaje

Ili uombe vizuri, elewa kwanza kwa nini zamu zipo. Chukua mfano wa Disney Dream, meli ya kampuni ya Disney Cruise Line iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011. Inapojaa huchukua abiria wapatao 4,000, nayo ina kumbi kuu tatu za chakula: Animator's Palate, Enchanted Garden na Royal Palace. Kila familia huzungushwa katika kumbi hizo, leo huku na kesho kule, na wahudumu wake huhama pamoja nayo, kiasi kwamba kufikia usiku wa tatu mhudumu anajua ni mtoto yupi hapendi vitunguu na ni nani anayetaka maji yasiyo na barafu. Kumbi tatu kwa zamu mbili ni makundi sita, na kila kundi lina watu zaidi ya mia sita. Kwa hiyo unapoomba kuhama zamu, unamwomba msimamizi atafute meza yenye viti vya kuwatosha ninyi nyote ndani ya kundi jingine ambalo nalo limejaa au limekaribia kujaa. Familia ya watu wanne hupata nafasi upesi. Familia ya watu kumi na wawili wanaotaka kukaa meza moja inaomba jambo zito, na inapaswa kuanza mapema.

Lipo jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Ukumbi wa maonyesho wa meli hauwezi kuwachukua abiria wote kwa wakati mmoja, na hivyo onyesho la jioni huchezwa mara mbili: zamu ya kwanza inapokula, zamu ya pili inatazama onyesho, kisha wanabadilishana. Ukihama kutoka zamu moja kwenda nyingine, onyesho lako nalo linahama. Ikiwa zamu ya kwanza ilikuwa inawapa onyesho saa 2:30 usiku baada ya kula, zamu ya pili itawapa onyesho mnamo saa 12:15 jioni, kabla ya chakula, wakati ambapo pengine bado mko bafuni mnajisafisha mchanga wa ufukweni. Usibadilishe chakula kabla ya kutazama ratiba ya jioni nzima.

Si kampuni zote zinazoshikilia zamu. Norwegian Cruise Line iliachana na saa maalumu za chakula kuanzia mwaka 2000, na abiria wake huenda ukumbini wakati wanaotaka katika saa za huduma. Royal Caribbean na Carnival zimebaki na zamu mbili, lakini zimeongeza njia ya tatu: katika Royal Caribbean inaitwa My Time Dining, na katika Carnival inaitwa Your Time Dining. Anayechagua njia hiyo hajafungwa na saa moja. Kwa Carnival, kwa mfano, familia ikiwa tayari kula hujiandikisha kwenye programu ya simu ya kampuni, na hupata ujumbe meza inapokuwa tayari. Kwa maneno mengine, kubadilisha zamu kunaweza kuwa kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, au kutoka katika zamu kabisa. Hii njia ya tatu inawafaa sana watu wasiopenda kubanwa, ila ina gharama yake: wahudumu wanaweza kuwa tofauti kila jioni, na kundi kubwa linaweza kusubiri meza kwa muda mrefu kuliko watu wawili. Kwa familia yenye mtu mwenye masharti ya chakula, mimi ningechagua mhudumu mmoja anayetufahamu kuliko uhuru wa saa.

Saa ipi inaifaa familia yenu

Watu huharakia kuomba zamu ya kwanza kwa sababu wana watoto, na mara nyingi wako sahihi. Mtoto aliyezoea kulala saa mbili usiku hawezi kuanza kula saa mbili na robo na kuvumilia saa nzima na nusu mezani. Hata hivyo, fikiria umri wake na siku yake. Mtoto aliyeogelea mchana kutwa, akala vibanzi na pizza karibu na bwawa saa kumi jioni, hana njaa saa kumi na mbili kasorobo. Atachezea chakula kisha aombe tena kula saa tatu usiku. Disney nao wana mpango uitwao Dine and Play kwa ajili ya zamu ya pili: watoto wa miaka 3 hadi 12 huletewa chakula chao mapema, kisha baada ya dakika 45 hivi walezi wa klabu ya watoto huja kuwachukua ukumbini, na wazazi wakabaki wakimaliza kula kwa utulivu. Familia inayojua mpango huo inaweza kuona kwamba zamu ya pili iliyoikimbia ndiyo inayoifaa. Ila watoto lazima wawe wameandikishwa katika klabu kabla ya jioni hiyo, na mhudumu aambiwe mnapokaa tu.

Kwa wazee, na kwa yeyote anayetumia dawa zinazokwenda na chakula, hesabu ni nyingine. Mtu anayejidunga insulini kabla ya kula anahitaji kujua chakula kitafika saa ngapi, na pengo la saa saba kati ya chakula cha mchana na cha usiku linaweza kumdhuru. Muulize daktari wake kabla ya safari ni saa ipi inayofaa, na uichukue saa hiyo kuwa ndiyo nguzo ambayo wengine wote wataizunguka. Katika familia yangu hatukufanya hivyo mapema, nasi tulilipia kwa mahangaiko.

Wanaoswali wana hesabu yao pia, na majibu hubadilika kulingana na bahari na msimu. Safari za majira ya baridi zinazoanzia Dubai, Abu Dhabi au Doha hukutana na magharibi mapema: mwezi Desemba na Januari jua huzama Dubai kati ya saa 11:30 jioni na saa 12 au kupita kidogo. Zamu inayoanza saa 12 jioni itakukuta ndiyo kwanza unatoka kuswali, au itakulazimu uinuke mezani. Katika visiwa vya Bahamas mwezi Juni mambo ni kinyume, kwani jua huzama mnamo saa 2 usiku, na anayekula zamu ya kwanza humaliza akiwa na muda wa kutosha wa kurudi chumbani, ilhali wa zamu ya pili atalazimika kuswali haraka kabla ya kwenda ukumbini. Huko Alaska mwezi Juni, kwenye bandari kama Juneau, jua huzama mnamo saa 4 usiku, na hapo zamu yoyote inawezekana. Tazama saa za machweo za bandari mtakazopita kabla hamjaamua, wala msikisie kwa mazoea ya nyumbani, ambako magharibi mwaka mzima haihami sana kutoka saa kumi na mbili na nusu.

Kuna jambo dogo ambalo limeharibu jioni za familia nyingi za Waswahili walioko ughaibuni, nalo ni hesabu ya saa zenyewe. Watoto waliozaliwa Marekani au Uingereza husema "saa sita" wakimaanisha saa 6 ya mzungu, yaani saa kumi na mbili jioni. Bibi aliyetoka Tanga au Lamu husikia saa sita, akajua ni adhuhuri au ni usiku wa manane. Meli nayo huandika 17:45 au 5:45 kwenye kadi. Siku ya kwanza, mtu mzima mmoja aiandike saa ya chakula kwenye karatasi kwa namna zote mbili, "saa 11:45 jioni, kwenye simu ni 5:45", aibandike karibu na kitanda cha kila mzee. Pamoja na hilo, meli hufuata saa yake yenyewe, ambayo si lazima ilingane na ya bandari. Jimbo la Quintana Roo huko Mexico, kilipo kisiwa cha Cozumel, halibadilishi saa mwaka mzima tangu 2015, hivyo wakati wa baridi simu ya abiria aliyepandia Galveston, Texas, hujisogeza mbele saa moja afikapo Cozumel, hali saa ya meli inaweza kubaki ilivyokuwa. Anayetegemea simu yake atafika ukumbini saa nzima kabla ya wenzake, au atadhani amechelewa wakati hajachelewa. Uliza saa ya meli, na uifuate hiyo.

Kabla ya siku ya safari

Mama yangu alipokuja kututembelea Houston, tulipanga kusafiri watu tisa katika vyumba vitatu: mimi na mume wangu na watoto wetu wawili wadogo katika chumba kimoja, dada yangu, shemeji na mtoto wao katika cha pili, na mama pamoja na binti yetu mkubwa katika cha tatu. Vyumba viwili vya kwanza tulivilipia mapema tukapata zamu ya kwanza. Cha mama tulikisubirisha hadi viza yake itoke, na ilipotoka, zamu ya kwanza ilikuwa imejaa. Kwa hiyo yule ambaye kwa ajili yake tulikuwa tunasafiri, naye ana kisukari, ndiye aliyepangiwa kula saa mbili na robo usiku akiwa na mjukuu mmoja, huku sisi saba tukila saa kumi na mbili kasorobo. Mtumishi wa kampuni niliyempigia simu aliniambia tu kwamba nafasi hakuna, wala hakunitajia kwamba ipo orodha ya kusubiri. Nililijua hilo wiki tatu baadaye, kutoka kwa abiria mwingine.

Kosa letu kubwa halikuwa kuchelewa kulipia. Lilikuwa kutounganisha vyumba. Kila chumba kina namba yake ya kumbukumbu, na kwa kompyuta ya kampuni namba tatu ni familia tatu zisizojuana, hata kama majina ya ukoo yanafanana. Usipoomba waziwazi kwamba namba hizo ziunganishwe kwa ajili ya chakula, mnaweza kuwekwa zamu tofauti, au zamu moja na meza zilizo pembe mbili za ukumbi. Hatari ni hiyo hiyo unapobadilisha: ukihamisha zamu ya chumba chako peke yake, unaweza kuwa umeikata familia vipande bila kujua. Kila unapopiga simu, taja namba zote kwa pamoja, uliza kama zimeunganishwa, na umwombe anayekuhudumia akusomee zamu ya kila moja. Usikubali jibu la jumla la "mko sawa".

Nani wa kumpigia ni swali lenye jibu jepesi linalosahaulika. Ukikata tiketi kwa kampuni yenyewe, mabadiliko utayafanya kwa simu au katika akaunti yako ya tovuti, pale penye sehemu ya kusimamia safari. Ukikata kupitia wakala, kampuni kwa kawaida haitazungumza nawe; ni wakala tu anayeweza kugusa tiketi hiyo. Katika safari za makundi, kama zile zinazoandaliwa na jumuiya zetu, misikiti au makanisa, mpango wa chakula mara nyingi hufungwa na mratibu wa kundi zima, na mtu mmoja hawezi kujihamisha bila yeye. Ikiwa chumba kimoja kilikatwa kwa wakala na kingine kwa kampuni, omba wakala awasiliane na kampuni kwa namba zote mbili, na ufuatilie mwenyewe hadi uone mabadiliko kwa macho.

Zamu unayoitaka ikiwa imejaa, omba kuwekwa katika orodha ya kusubiri, na uombe hivyo kwa vyumba vyote siku hiyo hiyo. Orodha hizi husogea hasa karibu na tarehe ya mwisho ya kukamilisha malipo, ambayo kwa kampuni nyingi ni miezi mitatu hivi kabla ya kuondoka, kwa sababu ndipo wanaosita huahirisha safari bila kupoteza fedha nyingi. Ingia katika akaunti yako wiki hiyo kila siku. Pita tena katika wiki mbili za mwisho. Hakuna atakayekupigia kukujulisha kwamba nafasi imepatikana; mara nyingi saa mpya hujitokeza tu kwenye akaunti, kimya kimya, na anayeitazama ndiye anayeiona.

Maombi ya chakula maalumu yapelekwe wiki kadhaa kabla, yawe ya nyama halali, ya mtu mwenye mzio wa karanga, au ya asiyekula sukari. Haya ni maombi tofauti na ya zamu na huandikwa mahali pengine katika tiketi. Nayataja hapa kwa sababu sababu ya kiafya iliyokwisha kuandikwa katika tiketi huupa nguvu ombi la kubadilisha saa. Unapomwambia msimamizi kwamba mama ana kisukari naye akaiona taarifa hiyo kwenye kompyuta yake, hahitaji kukuamini kwa maneno matupu.

Siku ya kupanda meli

Hii ndiyo siku yenyewe. Pamoja na jitihada zote za simu, mabadiliko mengi hufanywa katika saa chache za kwanza baada ya kupanda, kwa sababu ndipo msimamizi mkuu wa kumbi za chakula anapojua ni nani waliofika na ni nani hawakufika. Kampuni nyingi huweka dawati maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia adhuhuri au mchana, katika mojawapo ya kumbi za chakula au katika baa iliyo karibu nazo. Mahali na saa huandikwa katika ratiba ya siku, iliyo kwenye programu ya simu ya kampuni au kwenye karatasi. Pakua programu hiyo ukiwa bado nyumbani, maana mtandao wa bandarini huzidiwa watu wanapokuwa wengi.

Nenda mapema, na uende peke yako. Familia nyingi hukimbilia bafe ya sitaha ya juu mara tu zinapopanda, jambo linaloeleweka kwa watu waliokesha njiani, lakini foleni ya dawati la chakula ikishafika watu arobaini, nafasi zilizokuwapo zinakwisha. Sisi tuligawana kazi: shemeji aliwapeleka watoto na mama kula, nami nikaenda moja kwa moja dawatini nikiwa na karatasi yenye namba za vyumba vyote vitatu, majina kamili kama yalivyo katika pasipoti, zamu na meza ya kila chumba, na umri wa kila mtoto. Karatasi hiyo ilinisaidia kuliko maelezo yoyote. Msimamizi ana dakika mbili kwa kila mtu, na akizitumia kutafuta majina hana muda wa kutafuta meza.

Ombi lenyewe liwe fupi na liwe na kitu kimoja kinachotakiwa. Mimi nilisema kwamba tuko tisa, saba tuko zamu ya kwanza na wawili zamu ya pili, mmoja wa hao wawili ni mama yangu anayetumia insulini na ambaye hazungumzi Kiingereza, na kwamba ninaomba wawili hao wahamie zamu ya kwanza, meza yoyote iliyo karibu na yetu. Angalia kwamba sikuomba meza moja ya watu tisa. Kuomba viti viwili ni kuomba jambo linalowezekana. Kuomba meza mpya ya tisa ni kumtaka ahamishe familia nyingine. Msimamizi alitazama ramani yake ya ukumbi, akatuuliza kama tungekubali meza mbili zinazopakana, nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Usiku wa pili wahudumu wenyewe walizisogeza meza zikagusana.

Kuwa tayari kutoa kitu. Ukisema kwamba mko tayari kuketi na familia nyingine, au kugawanyika meza mbili jirani, au kuanza mabadiliko usiku wa pili badala ya leo, unampa msimamizi njia tatu badala ya moja. Lakini sikubaliani na wanaoshauri kumpenyezea fedha mkononi. Kumlipa mtu ili ampokonye mwingine nafasi kwenye orodha si haki kwa familia iliyosubiri kabla yako, na kunamweka mfanyakazi katika hali ngumu mbele ya wakubwa wake. Bahashishi ina wakati wake, nao ni baada ya huduma.

Ukikubaliwa, usiondoke dawatini kabla ya kuuliza mambo manne: kadi za vyumba zibadilishwe au zitatumika zile zile, meza mpya ni namba ngapi na iko ukumbi gani kwa kila usiku, hasa katika meli za kuzunguka kumbi, mhudumu mpya amepata taarifa za chakula maalumu, na mabadiliko yanaanza leo au kesho. Lile la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Mwenye chakula maalumu mara nyingi huagiza chakula cha kesho usiku wa leo, ili jikoni wakitayarishe peke yake. Ukihama meza katikati, agizo linaweza kubaki kwa mhudumu wa zamani, na bibi akaletewa sahani ambayo hawezi kuigusa. Fika ukumbini dakika kumi kabla ya jioni ya kwanza ya zamu mpya, umtafute mhudumu mkuu wa eneo lenu, umweleze tena kila kitu kana kwamba hajasikia neno.

Kisha warudie watoto. Ikiwa mlikuwa mmepanga klabu ya watoto kwa saa ambayo sasa ni ya chakula, nenda ukawajulishe walezi. Ikiwa wakubwa walikuwa wameweka nafasi katika mkahawa wa kulipia, au kama mlikuwa na miadi ya kupiga picha, itazame upya. Haya yote huchukua nusu saa tu mchana huo, wala hayatawasumbua tena.

Mkikosa nafasi

Jibu la hapana la siku ya kwanza si la mwisho. Usiku wa kwanza watu wengi hawaendi katika ukumbi mkuu, kwa uchovu wa safari au kwa kutojua, na kufikia asubuhi ya pili msimamizi ameona ni meza zipi zilizobaki tupu na ni familia gani nazo zinaomba kuhama kuelekea upande wenu. Rudi kwake kabla ya adhuhuri, umkumbushe kwa upole, ukiwa na karatasi ile ile. Usimwendee mhudumu wa meza yenu kumlilia akubadilishie zamu; hana mamlaka hayo, naye ataumia kukataa. Wala msijitokeze tu katika zamu isiyo yenu mkitumaini kuhurumiwa mlangoni. Wanaosimama mlangoni hukagua namba za vyumba, na kurudishwa mbele ya watu na wazee wenu ni jambo la kuepuka.

Ikiwa safari nzima itabidi ibaki hivyo, igaweni familia kwa busara badala ya kumlazimisha kila mtu. Katika meli za Carnival na Royal Caribbean bafe ya sitaha ya juu hutoa chakula cha jioni kwa saa ambazo hazibani, na mzee anayehitaji kula mapema anaweza kula huko, kisha akaja kuketi na wengine ukumbini kwa chai na tunda. Disney hawatozi kwa vyakula vingi vinavyoletwa chumbani. Baadhi ya kampuni hutoza, hivyo soma kadi ya bei kabla ya kuagiza. Siku ambazo meli inachelewa bandarini, mkajua hamtafika ukumbini, mwambieni mhudumu usiku uliotangulia, kwa sababu chakula maalumu kilichotayarishwa na kisichodaiwa humwagwa.

Mkihama zamu baada ya kuwa mmekula usiku mmoja au miwili na wahudumu wa mwanzo, wakumbukeni. Katika kampuni nyingi bahashishi hukatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chumba na kugawanywa kati ya wafanyakazi, lakini bahasha ndogo unayotaka kuongeza mwenyewe itafika tu mahali unapoipeleka kwa mkono. Mama aliposikia kwamba kijana aliyemhudumia usiku wa kwanza, kabla hajahama, alimtafutia ndizi na chai ya moto zaidi ya saa moja kabla ya zamu ya pili kuanza, aliomba tumpeleke ukumbini usiku wa mwisho. Tulimkuta akipanga vijiko vya zamu ya pili. Mama alimpa bahasha yake, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akamwombea kwa Kiswahili, naye kijana akainamisha kichwa hadi mama alipomaliza.